Mtani Wangu, Daktari Wangu

Mimi ni Mnyamwezi, na daktari wetu alikuwa Mzaramo. Kwa mtu wa kwetu hapo nimeshamaliza maelezo, lakini siku hizi kuna vijana wanaodhani utani ni vichekesho vya kwenye simu, kwa hiyo ngoja niseme. Babu zetu walibeba mizigo mabegani kutoka huku mpaka pwani. Njiani walipita nchi ya Wazaramo, wakagombana nao, wakauguzana, wakazikana, na mwisho wake ikawa kwamba kati ya watu hawa na wale hakuna kukasirikiana. Mtani wako anaweza kuingia nyumbani kwako akakuita mchawi mbele ya wakwe zako. Anaweza kuja msibani akasema sanda ni fupi kwa sababu wafiwa ni wabahili. Wewe unacheka, au unamrudishia kubwa kuliko lake. Kununa hakuna. Anayenuna ndiye aliyekosa adabu.

Huyo bwana aliletwa Tabora na kazi, angali kijana, katika hospitali ya serikali. Akaoa hapa hapa, akazeekea hapa hapa. Alipostaafu hakurudi pwani, akafungua zahanati katika vyumba vya mbele vya nyumba yake, mtaa wa pili kutoka kwangu. Sisi tukawa tunamwita daktari wa familia, ingawa familia yenyewe ilikuwa mtaa mzima. Namba yake tuliiandika kwa mkaa kwenye kuta za majiko yetu, na simu hiyo haikuzimwa. Alfajiri, mchana wa jua kali, wakati wa futari, ukipiga anapokea. Nimewahi kumwona akitoka msikitini hotuba haijaisha, kandambili moja yake na nyingine ya mtu, anakimbilia bajaji kwa sababu mtoto wa jirani kapatwa na degedege.

Mume wangu alipougua maradhi ya figo yaliyomchukua, daktari alikuja kila nilipomwita, na mara nyingine alikuja sijamwita. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamshika mkono, akamwambia Wanyamwezi nyinyi hata kufa hamjui, mnachelewesha watu tu. Mume wangu akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho mimi kumwona akicheka, na kwa hilo nilimpenda yule mzee kama ndugu wa tumbo moja.

"Mpagazi wangu," ndivyo alivyonisalimu tukikutana, "mzigo umefika?"

"Nimeutupa njiani," namjibu. "Zilikuwa nazi zenu, zimeoza."

Kazi yangu ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, kipaimara cha Wakristo, popote watu wanapokusanyika kula, mimi nilikuwa naitwa. Niliirithi kazi kwa mama, naye kwa mama yake. Mchele nafuata mwenyewe Lusu, kwa watu ninaowajua shamba lao. Mbuzi naagiza Ziba. Sina ukumbi, sina bango barabarani. Nilikuwa na masufuria, mafiga, wanawake wa kunisaidia kumenya vitunguu, na jina. Mtu akitaka kuisifu harusi hapa mjini alikuwa anasema "kapika yule," basi, watu wameelewa. Lakini jina la mpishi ni kitu kidogo sana. Mpishi akisemwa ana kikohozi tu, hata kama ni vumbi la kiangazi, kwisha habari yake. Nimeona wenzangu wakipotea kwa chafya.

Sasa, miaka michache iliyopita dada yangu alifanyiwa upasuaji, tukaambiwa ndugu tuchangie damu. Mimi nilikuwa wa kwanza kukunja mkono wa gauni. Baadaye muuguzi akaniita pembeni, akasema damu yangu hawataitumia, niende nikaonane na daktari. Ningeweza kuonana na yeyote pale pale hospitalini, madaktari walikuwapo. Nikasema la, mimi nina wangu.

Mtani wangu alinipima upya. Kisha akafunga mlango wa chumba chake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na kwa mara ya kwanza hakuniita mpagazi. Akaniambia nina virusi vya homa ya ini, aina ya B. Alinieleza taratibu, kwa kirefu, bila haraka. Ini langu bado zima. Nitakuwa napimwa mara kwa mara. Wanangu wapimwe, kisha wachanjwe. Nao walikutwa salama, alhamdulillahi. Mimi nilimsikiliza mpaka mwisho, halafu nikauliza swali langu, na halikuwa kama nitakufa.

"Naweza kupika?"

"Pika mpaka uchoke," akasema. "Hii haipiti kwenye chakula. Ukijikata kisu, funga kidonda vizuri, basi."

"Na haya maneno yatabaki humu?"

"Mimi nimekula kiapo," akasema, na hakutabasamu.

Nikatoka nimetulia. Dada nilimwambia damu yangu haikulingana na yake, akanicheka kitandani pale, akasema basi wewe uliokotwa. Yaliyobaki nikayafungia moyoni, nikarudi kwenye mafiga yangu. Nilipika harusi nyingi baada ya hapo, na kila nilipokutana na daktari aliniuliza habari za mzigo, nami nikamjibu habari za nazi, maisha yakaendelea.

Mpaka ikaja hitima ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, Mnyamwezi mwenzangu, mtu aliyekula chumvi nyingi, hata msiba wenyewe haukuwa na kilio kingi. Nilikuwa jikoni tangu alfajiri. Watu walijaa uani, wanaume chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka upande wa jikoni. Daktari alikuja kama watani wanavyokuja kwenye msiba wa namna ile. Alijifunga kanga ya mkewe kiunoni, akaingia anayumba, anadai yeye ndiye mjane na urithi wote ni wake. Watu hoi. Akaingia jikoni, akaninyang'anya upawa, akasema haurudi mpaka ukombolewe. Tukaukomboa kwa mfupa wenye nyama. Mpaka hapo ni utani safi, nami nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Masinia yakatoka. Watu wameshanawa, wamekaa wanne, watano kwa sinia, wanangoja bismillahi. Yeye akasimama katikati na kanga yake.

"Wanyamwezi," akasema, "kabla hamjatia mikono. Mimi ndiye daktari wenu, na mimi ndiye ninayejua kilichomo kwenye damu ya mpishi huyu. Haya, kuleni. Ila mkiumwa matumbo, msinipigie simu."

Uwanja mzima ulicheka. Wallahi hata mdomo wangu ulicheka, kwa mazoea. Kati ya watu wote waliokuwa pale, tuliojua kwamba maneno yale yana kweli ndani yake tulikuwa mimi na yeye. Nikamtazama, nikidhani ataona uso wangu. Hakuniangalia, na hapo hapo, kabla hajaketi, simu yake ikalia. Akasikiliza, akafungua kanga, akasema kuna mama amezidiwa, akatoka mbio bila kugusa hata punje ya wali.

Hebu lione jambo hilo kwa macho ya mtu aliyekaa kwenye mkeka. Daktari kasema damu ya mpishi ina kitu. Halafu daktari hakula. Hakuna aliyelala njaa siku ile, watu walikula, lakini nilimwona mama mmoja, mtu ninayempikia tangu harusi yake mwenyewe, anauchambua wali kwa kidole kana kwamba anatafuta mchanga.

Kwetu mtu hakatai chakula. Ukimkuta mtu anakula, unaonja hata tonge moja, umempa heshima yake. Baada ya hitima ile mtaa mzima ukashiba. Jirani akija kuazima ungo, namkaribisha, "Nimeshiba." Mgeni kashuka kwenye treni ya Kigoma asubuhi, hajaona chai, "Nimeshiba, dada." Sijawahi kuona mji wenye watu walioshiba vile.

Kisha akaja mama aliyekuwa amenishika nimpikie harusi ya binti yake. Alikuja na maneno yaliyopakwa asali. "Dada, umetutumikia miaka mingi. Tumekaa kifamilia tumekuonea huruma, safari hii pumzika." Nikamwambia sijachoka. Akasema, "Hapana, pumzika tu." Mwingine akasema wakwe wameamua kuleta mpishi wao. Mwingine hakuja kusema chochote, nilisikia tu muziki wa harusi yake nikiwa kwangu naanika nguo. Wanawake wangu wa vitunguu wakahamia kwa wapishi wengine, na siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Masufuria nikayalaza kifudifudi uani.

Hakuna aliyeniuliza kitu usoni, isipokuwa dada yangu. "Hivi yule mzee alisema damu yako ina nini?"

"Ina Unyamwezi," nikamjibu. Akacheka, akaniamini.

Nikamwendea. Nilichagua mchana, watu wamelala, kwenye benchi la zahanati hamna mtu. Alinipokea kwa furaha, "Mpagazi wangu," nikamwambia leo usiniite hivyo, nimekuja kwa daktari.

"Nani anaumwa?"

"Wewe umesema mbele ya watu nina kitu kwenye damu."

Alifikiri kidogo, na naapa ilimbidi afikiri. Halafu akasema, "Aa, kule hitimani. Mimi nilisema damu tu. Sikutaja ugonjwa. Nani hana damu?"

"Angesema fundi baiskeli, watu wangecheka wakala. Umesema wewe, unayenipima."

"Lakini ulikuwa utani. Na wewe ni mtani wangu, hutakiwi kukasirika."

Hapo alinipata pabaya. Kweli sitakiwi. Ningekwenda kwa wazee kushitaki, wangenicheka: Mzaramo kakutania, nawe mrudishie, tangu lini Mnyamwezi akashindwa na Mzaramo kwa maneno? Na ili niwaeleze kwa nini utani huu haukuwa kama mwingine, ingenibidi niutaje ugonjwa wenyewe. Mtu aliyenidhuru alikuwa amenifunga mdomo, na mdomo wenyewe nimefungwa kwa mila yangu mwenyewe. Nilikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka.

Nimewaza sana jambo hili tangu wakati ule. Tulijivunia kwamba daktari wetu hana saa za kazi. Anapokea simu wakati wowote, anaingia chumbani bila hodi, anakula jikoni, anazika na wewe, anacheza ngoma kwenye harusi za wanao. Sasa mtu wa namna hiyo analisikia jambo lini akiwa daktari, na lini akiwa jirani? Kichwa chake ni kimoja. Daktari anayefunga mlango jioni anajua kwamba yaliyo ndani yamebaki ndani. Wetu hakuwa na jioni. Sisemi alikusudia ubaya, na mpaka leo sisemi. Lakini ubaya au wema, masufuria yangu yalikuwa yamelala kifudifudi uani, na yeye alikuwa analala usingizi wake.

Aliponiona siinuki, akasogeza kiti karibu. Akavua miwani. Akasema, "Nimekosa. Nitalirekebisha."

"Nitakuambia namna ya kulirekebisha," nikasema. "Nikipata shughuli ya kupika, njoo. Kaa mbele, nawa, kula, watu wakuone, nenda zako. Usiseme neno. Umenisikia? Hata utani usinitanie. Ule tu."

"Nimekusikia."

Shughuli niliipata kwa dada yangu. Binti yake aliolewa, na dada, ambaye hajawahi kuogopa maneno ya watu, alisema asiyetaka kula pilau langu na abaki kwake. Upande wa bwana harusi walitoka Nzega, wakulima, watu wapole, wengine Waislamu wengine Wakristo. Nilijua kwamba sufuria zile ndizo zitakazosema kama bado mimi ni mpishi au nilikuwa mpishi. Nilikwenda Lusu mwenyewe. Mchele niliupeta mara mbili. Vitunguu nilivikaanga mwenyewe, sikumwachia mtu, mpaka vikawa na rangi ile ya mbao ya mninga, na nilipotia bizari na nyama, harufu ikatoka mpaka barabarani, bodaboda wakawa wanapunguza mwendo. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, sikuwa nimefurahi vile tangu nimzike mume wangu.

Daktari alikuja na kanzu nyeupe na kofia. Alikaa kwenye sinia la mbele kabisa, karibu na wazee wa Nzega. Nikamwona anaitisha maji, ananawa. Moyo ukashuka mahali pake. Nikasema moyoni, mzee wa watu kanielewa.

Kisha akainuka. Akaenda kwa mshereheshaji, akamnong'oneza, akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu," akasema, "leo sitanii. Nazungumza kama daktari."

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na sinia mikononi. Nilitikisa kichwa. Nilitikisa kwa nguvu, nikamkazia macho. Aliniona safari hii, akanitabasamia, kwa namna ya kuniambia usijali.

"Kuna maneno yanazunguka juu ya mpishi wetu, na mwenye kosa ni mimi. Naomba niyaondoe. Ni kweli ana homa ya ini. Lakini ni aina ya B, si aina ya A. Hii B haiambukizwi kwa chakula, wala kwa kupeana mikono. Inaambukizwa kwa damu, kwa tendo la ndoa, na mama kwa mtoto wakati wa kuzaa. Kwa hiyo kuleni bila wasiwasi. Mimi ndiye ninayemtibu, na mimi nakula wa kwanza."

Akarudisha kipaza sauti, akakaa, akatia mkono kwenye sinia. Akala tonge baada ya tonge, anawatazama watu kwa uso uliochangamka, akisubiri wamfuate.

Kila alichosema kilikuwa kweli. Lilikuwa somo zuri, na lingekuwa la mtu mwingine ningempigia makofi. Lakini watu hawasikii herufi. Walisikia homa ya ini. Halafu wakasikia tendo la ndoa, mbele ya wakwe, mbele ya watoto, na nikaona vichwa vya wanawake vinainamiana kwenye mikeka, nikajua wameanza kumfukua mume wangu. Alikufa na jina lake safi, hakuwa na neno na mtu. Sasa walikuwa wanauliza alilala wapi, na nani, na kama ni yeye aliyenipa au ni mimi niliyemmaliza. Na aliyewapa jembe la kumfukulia ni yule yule aliyemshika mkono kitandani.

Mzee mmoja wa Nzega alisogeza sinia taratibu. "Ahsanteni," akasema kwa adabu zote, "safari imetushibisha." Wageni wengine wa Nzega wakafuata wazee wao. Wa kwetu wachache walikula, kwa haya, vidole viwili viwili. Masinia yakaanza kurudi jikoni yamejaa, yamekaa kama nilivyoyapanga, vipande vya nyama juu, zabibu kavu juu. Lake yeye tu ndilo lililorudi na shimo upande mmoja.

Dada aliingia jikoni na nguo zake za mama wa bibi harusi. Hakutazama masinia. Alinitazama mimi.

"Uliniambia damu haikulingana," akasema.

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akajifunika uso kwa mtandio, akalia, na nilijua halii kwa ajili ya pilau. Tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote, na habari ya mwilini mwangu aliisikia kwenye spika pamoja na wapiga picha.

Tangu harusi ile watu wameacha kusema wameshiba, kwa sababu siwakaribishi. Sasa wananiambia pole. Pole sokoni, pole mashineni ninaposaga mahindi, pole kutoka kwa mtu wa bodaboda ambaye simjui. Yule mzee alidhani kinachoniumiza ni watu kutojua, na kwamba akiwajulisha nitapona. Hakuelewa kwamba ule utani wa kwanza ulikuwa umeniacha na mahali padogo pa kujificha, kwa sababu utani ni utani, mtu anaweza kuuamini au asiuamini. Alipokuja kunitetea, ndipo aliponimaliza. Nilimwomba kitu kimoja, anyamaze, na hicho ndicho alichoshindwa kunipa. Nimesalitiwa na watu wabaya maishani, mfanyabiashara mmoja, shemeji mmoja, na hao nimewasahau. Huyu alinisaliti akinipenda, na simsahau.

Siku hizi napimwa hospitali kubwa. Nachukua namba, nakaa kwenye foleni na watu wa Uyui na Sikonge, naingia kwa kijana ambaye hajui mimi ni mke wa nani wala napika nini. Anauliza anachotaka kuuliza, anafunga, zamu yake ikiisha anakwenda kwake. Simu yake sina. Majirani wananishangaa, wanasema unaachaje daktari anayepatikana saa zote ukapange foleni? Nawaambia naipenda foleni. Chakula napika cha nyumbani, sufuria ndogo. Masufuria makubwa nimempa mpishi mwingine, mwanamke wa heshima, ayatumie kuliko yaozee kwangu.

Daktari alikuja kwangu mara moja tu baada ya harusi ile. Ilikuwa asubuhi, nafagia uani. Alikuja anatabasamu, mikono nyuma, na nilipomwona anavyotembea nilijua kwamba moyoni mwake anaona ametenda jambo jema na amekuja kushukuriwa.

"Mpagazi wangu," akasema kutoka mlangoni, "nimekutua mzigo."

Matusi yalinijaa mdomoni. Nilikuwa nimeyaandaa tangu siku ya harusi, nimeyapanga, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kinyamwezi, ya mama yake na ya pwani yao yote. Nikafungua mdomo, na hapo ndipo nilipoona kwamba hayatafaa kitu. Nikimtukana, atacheka. Atanirudishia. Atakaa kwenye kigoda na kuomba chai. Kati yangu na yeye tusi ndilo mapenzi yenyewe, na kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo lingemwambia tu kwamba bado tuko pamoja, yamekwisha. Mtu huyu nisingeweza kumgombeza hata ningepiga kelele mpaka stesheni wakasikia.

Basi nikaweka fagio chini. Nikajifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, wa kuweza kunizaa, na kwa muda wote tuliojuana sikuwa nimewahi kumwamkia kama mtu anavyomwamkia mzee wake, wala yeye hakuwahi kutarajia. Watani hawaamkiani. Nikapiga goti, nikainamisha kichwa, kama mama alivyonifundisha.

"Shikamoo, Daktari."

Alicheka. Alidhani ni mwanzo wa kitu, akangoja sehemu ya pili yenye kuchekesha. Nikabaki na goti langu chini, natazama miguu yake.

"Mtani," akasema.

"Shikamoo."

Kicheko kikamwisha taratibu. Amekaa na sisi maisha yake yote, hakuhitaji kutafsiriwa. Alishika mwimo wa mlango, anatafuta neno la kunirudisha. Mimi sikuinuka, kwa sababu mdogo hainuki mpaka aitikiwe.

"Marahaba," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. Na mpaka leo, tukikutana njiani, ndivyo tunavyosalimiana, kwa adabu zote, kila mtu akashika njia yake.